Miti ya Concord Wakati wa Mapukutiko

Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, masafa ya kilomita 30 hivi kutoka Boston, upo mji mdogo wa Concord, ambao wageni aghalabu huuzuru kwa ajili ya daraja walipopigana wakulima na askari wa Mfalme wa Uingereza tarehe 19 Aprili 1775. Lakini afikaye mwezi wa Oktoba, majira ya mapukutiko yakiwa yamekolea, hudhihirikiwa kwamba mji huu unayo fahari nyingine, nayo ni ya miti, na kwa rai yangu tarikhi ya miti hiyo yastahili kusomwa kwa taadhima ile ile ipewayo tarikhi ya vita.

Waingereza walipouasisi mji mwaka 1635, mahali ambapo wenyeji walipaita Musketaquid, walianza kufyeka msitu, wao na wana wao na wajukuu wao, wapate mashamba, mbao na kuni za kuotea moto wakati wa baridi kali, hata ilipofika katikati ya karne ya 19, reli nayo ikiwa imekwisha kupita kando ya ziwa la Walden, msitu uliosalia haukuzidi sana sehemu moja katika kumi ya ardhi yote. Ni katika nchi hiyo iliyonyolewa ndipo alipotembea mwandishi Henry David Thoreau, mzaliwa wa Concord, daftari mkononi, akiandika siku ambayo kila mti uligeuka rangi. Mwaka 1859 aliwahutubia watu juu ya rangi za majani, akishikilia kwamba miti ni haja ya mji wala si pambo tu, na akiwasifu waliopanda miti ya mepo katika uwanja wa kijiji. Hotuba hiyo aliisahihisha akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. Akafariki tarehe 6 Mei 1862, umri wake miaka 44, na jarida la The Atlantic Monthly likaichapisha Oktoba ya mwaka ule ule.

Alichokiona kingali kinaonekana. Hutangulia mepo mwekundu wa kinamasini, ambao pengine hugeuka tawi moja peke yake Septemba, mengine yote yangali mabichi. Hufuata mepo wa sukari, kwa rangi ya manjano na ya machungwa. Na mwisho kabisa, mingine ikiwa mitupu, huja ile jamii ya mwaloni yenye jani la rangi ya damu, lililokatika ndani sana kati ya ncha na ncha, hata ukiliinua juani mwanga hupita pande zote, na wekundu wake ukawaka. Sababu ni kwamba siku zinapofupika, ukijani wa jani huvunjika, na umanjano uliokuwamo tangu awali ukafichuka. Ama wekundu, huo hutengenezwa upya kwa sukari iliyomo janini, nao hukolea zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha.

Baada ya Thoreau wakulima wengi waliyaacha mashamba, wakahamia magharibi au viwandani, na msitu ukarudi wenyewe, hivi kwamba mgeni wa leo huona miti mingi kuliko aliyoiona yeye. Lakini miti ya elmu, iliyotia kivuli njia za mji na kugeuka manjano kwa pamoja, iliangamizwa kwa wingi na ugonjwa wa kuvu ulioingia Marekani karibu na mwaka 1930; hasara hiyo haijalipwa. Kando ya Walden, jamaa ya mwandishi Emerson, rafiki wa Thoreau, pamoja na majirani waliitoa ardhi kwa jimbo mwaka 1922, ibaki mali ya umma, na kwangu mimi hilo ni tendo adhimu kuliko sanamu yoyote ya mji ule.

Msomaji atakayejaliwa kufika na asiridhike na katikati ya Oktoba, ambapo umati hujaa. Na angoje hadi mwisho wa mwezi, azunguke ziwa kwa miguu, kwani wekundu wa mwaloni ule ndipo unapokuwa katika ukamilifu wake.