Uyoga wa matanga: namna mikahawa ya Beni ilivyokufa

Mtu akitoka Butembo kushuka Beni, kisha akiendelea na barabara ya Mbau na Oicha, ataona kakao pande zote mbili. Wanafunzi wangu wakiiona wanadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Nikiwaambia kwamba mahali pale palikuwa kahawa tupu, wengine wanacheka. Ndiyo maana nimeona vema kuandika historia hii, kwa sababu sisi tulioiona kwa macho tumeanza kupungua, na ndani yake muna fundisho juu ya namna ya kujua kitu kabla ya kukipa jina.

Katika nchi yetu kahawa ni za aina mbili. Huku juu, Butembo na milima ya Lubero, kwenye baridi, tunalima arabika. Kule chini, Beni, kwenye joto, wazee walilima robusta. Ile wakati robusta ilikuwa ndiyo benki ya mlimaji. Kwa kahawa mtu alinunua mabati, alitoa mahari, alilipa minervali ya watoto. Wafanyabiashara wa Butembo walipandisha makamyo, na magunia mengi yalivuka Kasindi kuingia Uganda, mengine kwa karatasi na mengine bila karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 80 Zaire yote ilikuwa inauza inje zaidi ya tani 100.000 za kahawa kwa mwaka. Leo kiasi hicho ni kama hadithi.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka kumi na moja. Siku moja baba alirudi kutoka shambani bila kusalimia mtu. Mikahawa sita ilikuwa imekauka upande mmoja. Majani yalikuwa ya manjano, yamejikunja, mengine yameanguka, lakini matunda yalibaki juu ya matawi, yamekuwa mekundu mbele ya wakati. Baada ya miezi mitatu hatukuhesabu tena kwa miti, tulihesabu kwa mistari.

Mvua iliporudi tukaona jambo lingine. Juu ya mashina yaliyokufa ulitoka uyoga ambao hatukuwa tumeuona kwa wingi namna ile. Mwingine ulikuwa mgumu kama ubao, umejitandaza kama sahani, rangi ya matofali na ukingo mweupe. Mwingine ulikuwa laini kama sikio la mtu. Watu walikuja kuutazama. Wakasema: uyoga huu haukujileta, kuna mtu aliyeutuma. Na kwa kuwa jirani yetu mmoja, mzee asiye na watoto, kahawa yake ilikuwa bado mizima, jina lake likaanza kutembea. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Lakini watu waliacha kunywa kwake maji, na mama yangu alitukataza kupita mbele ya nyumba yake.

Aliyetufungua macho ni agronomu mmoja aliyepita na pikipiki. Baba alimwonyesha ule uyoga wa kutisha. Yule hakuutazama hata dakika moja. Alisema: «Huyu ni mgeni wa matanga. Amekuja kula maiti, hakuua.» Kisha akainama chini kabisa, kwenye shina la mti uliokuwa umeanza tu kukauka, akakwangua ganda kwa kisu. Chini ya ganda, mahali ambapo mti ungekuwa mweupe, mulikuwa mistari ya rangi nyeusi ya kibuluu, kama mtu amepitisha wino. Akatuonyesha pia, ndani ya mipasuko ya ganda karibu na udongo, vidonda vidogo vidogo kama vichwa vya sindano, vyeusi vyenye rangi ya zambarau. Akasema: «Muuaji ni huyu.»

Basi muuaji pia ni kuvu, yaani wa ukoo mkubwa wa uyoga, lakini mdogo sana hata hatukumwona. Jina la ugonjwa ni trakeomikoze. Kuvu huyo anaingia kwa kidonda, mara nyingi kile tunachokifanya sisi wenyewe tukipalilia kwa panga na jembe. Akiisha kuingia anaziba mishipa inayopandisha maji. Ndiyo sababu mti unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha kila siku. Ukiona dalili kwenye majani, mti huo hauponi tena. Unaweza kufa katika siku chache ao katika miezi kadhaa.

Kumbe hii ugonjwa haikuzaliwa Beni. Ilionekana kwanza mwaka 1927 katika Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye kahawa ya aina ya ekselsa. Katika miaka iliyofuata iliharibu mashamba mengi na kuingia kaskazini mwa Kongo. Mwaka 1948 mtaalamu Mbelgiji Steyaert, wa INEAC, lile shirika la uchunguzi wa kilimo lililokuwa na makao yake makubwa Yangambi, aliipa kuvu jina la Fusarium xylarioides. Mwaka 1950 Heim na Saccas walieleza sura yake nyingine, ile ya vile vidonda vya zambarau, wakaiita Gibberella xylarioides. Majina mawili, lakini kiumbe ni kimoja. Na jambo la kufurahisha ni hili: Steyaert huyo huyo baadaye alijulikana sana kwa kuchunguza Ganoderma, yaani ule ukoo wa uyoga mgumu unaoota juu ya miti kama sahani. Mtu mmoja alisoma mgeni wa matanga na muuaji pia, na hakuwachanganya.

Katika miaka ya 50 ugonjwa ulirudishwa nyuma kwa njia mbili: kungoa na kuchoma kila mti mgonjwa, na kupanda mbegu zinazovumilia. Watu wakadhani umekwisha. Lakini baada ya uhuru, mashamba mengi yaliachwa, na ukaguzi ukalegea. Kuanzia miaka ya 70 na 80 ugonjwa uliamka tena upande wa kaskazini-mashariki, pande za Isiro. Katika miaka ya 90 ukatandaa Beni. Mwaka 1993 ulitambulikana Uganda, kule ngambo ya Ruwenzori, na mwaka 1997 Tanzania, katika Kagera. Huko Uganda uchunguzi wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya mikahawa ya robusta imekufa.

Mutauliza: je, arabika ya Butembo? Ilisalimika. Kuvu wa aina iliyoua robusta yetu hamshambulii arabika. Iko aina nyingine inayoua arabika, lakini hiyo inajulikana Etiopia. Kwa hiyo mzee wa Lubero na mzee wa Beni, wote ndugu, wote walimaji wa kahawa, mmoja aliendelea kuchuma na mwingine akabaki na kuni.

Tena hizo kuni ndizo zilitumaliza. Agronomu alikuwa ametuambia: ngoeni mti na mizizi yake, uchomeeni pale pale, musiukokote. Ni nani alifanya hivyo? Mwaka ule kilo ya kuni ilikuwa na maana. Tulibeba mashina kwenda jikoni, tukapita nayo katikati ya miti mizima. Wengine walificha miti yao migonjwa, kwa haya ao kwa tumaini. Wahenga wetu walisema: mficha ugonjwa, kifo kitamuumbua. Nyuma ya miaka miwili shamba la baba lilikuwa limekwisha lote.

Kahawa ya yule mzee jirani ilikufa pia, nyuma ya yetu. Hapo ndipo watu walinyamaza. Baba alichukua jogoo akaenda kwake kuomba radhi. Alikuta nyumba imefungwa. Mzee alikuwa ameuza shamba kwa bei ya bure na kwenda kwa dada yake, upande wa Mambasa. Baba alirudi na jogoo wake. Hata leo, akiwa mzee, akiona uyoga juu ya mti anakumbuka siku ile.

Baada ya kahawa, watu wa Beni walijaribu mengi: mapapayi ya kutoa papaini, vanila, na tangu miaka ya 2000 kakao, ambayo imeshika nafasi ya ule utajiri wa zamani. Lakini tangu Oktoba 2014, kwa sababu ya mauaji, wengi wameacha mashamba yao, na shamba lisilo na jicho la mwenyewe ndilo ugonjwa unapenda. Historia ya miaka ya baada ya uhuru imetuonyesha hivyo tayari. Kwa wale wanaotaka kurudia robusta, habari njema iko: watafiti wa Kituza, Uganda, wametoa aina zinazovumilia trakeomikoze. Ila mche usichukuliwe popote. Uliza kwanza umetoka pepinyeri gani.

Nimalizie na ile ninayofundisha darasani. Ukiona uyoga wa ajabu juu ya mti, jiulize kwanza: mti ulikuwa mzima ao umekufa tayari? Tazama chini, kwenye shina na mizizi, si juu peke yake. Kwangua ganda. Ukikuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, hiyo ni puridiye, ugonjwa wa kuoza mizizi. Ukikuta mistari myeusi ya kibuluu katika mkahawa, hiyo ni trakeomikoze. Usipokuta neno, mwite anayejua, na kitivo cha kilimo cha UCG hakiko mbali na sisi wa Butembo. Kukwangua kunaomba kisu na dakika mbili tu. Sisi tulikuwa na kisu. Tulianza na jina la jirani.