Pronesheni, au unyayo unapolalia ndani

Katika maduka ya raba za mbio kuna neno moja linalouza kuliko mengine yote, nalo ni pronesheni. Muuzaji humtazama mteja akitembea hatua chache, hutikisa kichwa, kisha humtajia neno hilo kwa sauti ya daktari anayetoa majibu ya vipimo. Mteja hulipa zaidi na kuondoka na raba nzito yenye sponji ngumu upande wa ndani. Neno linalolipiwa hivyo linastahili kufunguliwa, na linastahili kupata jina la Kiswahili lisilotisha watu bure.

Tuanze na mguu wenyewe. Wakimbiaji wengi hutua kwa kisigino, tena kwa ukingo wake wa nje. Mara tu kisigino kinapogusa ardhi, unyayo hulalia upande wa ndani, tao lake hushuka, na uzito wa mwili husambaa. Sehemu kubwa ya mwendo huo hufanyika chini kidogo ya kifundo cha mguu, kwenye kiungo ambapo mfupa wa kifundo umekalia mfupa wa kisigino. Wakati huo unyayo umelegea: unameza kishindo na kufuata umbo la ardhi, iwe ni lami au kokoto. Kisha, kabla vidole havijasukuma, unyayo hurudi upande wa nje, mifupa yake hukazana, nao unakuwa wenzo mgumu wa kuurusha mwili mbele. Yote hayo hayachukui hata nusu sekunde. Nusu ya kwanza ya mwendo huo, ule wa kulegea na kulalia ndani, ndiyo pronesheni. Kila mwenye mguu mzima anayo; watu hutofautiana kwa kiasi tu.

Sasa tuiiteje? Asili ya neno ni Kilatini, na maana yake ni kuinamia mbele au kulala kifudifudi. Kwa mkono, Kiswahili kinajitosheleza kabisa: kiganja kikitazama chini kiko kifudifudi, kikitazama juu kiko chali, na mwalimu wa tiba hana haja ya kukopa chochote. Kwa mguu mambo hayaendi hivyo. Unyayo wa mtu aliyesimama uko kifudifudi daima, kwa hiyo kumwambia mkimbiaji kwamba unyayo wake unafudikia ni kumwambia jambo analolijua bila kumweleza analouliza. Kupinda nako kuna kasoro yake. Mguu uliopinda ni mguu wenye ulemavu, na msikilizaji atafikiria matege mara moja, ilhali matege ni umbo la mifupa na si mwendo wa unyayo. Mlalo lingependeza, lakini walimu wa hisabati walishalichukua zamani kwa mstari mlalo.

Mimi nalipendelea mlalio. Linatokana na kulalia, na kiambishi chake cha kutendea ndicho kinachobeba kazi: mtu hulala tu, lakini hulalia upande fulani. Yeyote anayeijua soli iliyolika huelewa ukimwambia kwamba kiatu chake amekilalia ndani. Tena neno hili huzaa. Tunapata mlalio wa ndani kwa pronesheni, mlalio wa nje kwa mwendo wa kurudi, na mlalio uliokithiri kwa ule unaozidi mno. Raba yenye sponji ngumu upande wa ndani inakuwa raba ya kudhibiti mlalio, na mnunuzi anajua analipia nini.

Je, kuna haja ya kuudhibiti? Hapa wauzaji wamekwenda mbele kuliko ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 927 walioanza kukimbia, wote wakivaa raba za kawaida zisizo na udhibiti wowote. Wenye nyayo zinazolalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine. Kwa kila kilomita 1,000 waliumia mara chache kuliko hata wenye nyayo za wastani. Majeshi ya Marekani nayo yalijaribu kuwagawia makuruti raba kwa umbo la nyayo zao, na majeraha hayakupungua. Lakini haki itendeke kwa upande wa pili: jaribio la Luxembourg lililochapishwa mwaka 2016, lenye wakimbiaji 372, lilionyesha kwamba raba za kudhibiti mlalio ziliwasaidia hasa wale ambao nyayo zao hulalia ndani. Ninavyosoma mimi, mwenye mlalio mkubwa anayeumia mara kwa mara ana sababu ya kuzijaribu. Anayekimbia bila maumivu hana ugonjwa wa kutibiwa. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyeichunguza miguu ya wakimbiaji kwa miongo kadhaa, aliishia kupendekeza kwamba starehe ya mguu ndani ya kiatu iwe kigezo cha kwanza. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa kwamba dawa lazima iwe chungu, hilo ni gumu kulikubali.

Ukitaka kuujua mlalio wako, kumbuka kwamba kipimo cha nyumbani cha kulowesha unyayo na kukanyaga sakafu ya saruji kinaonyesha tao, hakionyeshi mlalio. Alama iliyojaa yote ni ya unyayo bapa, na mara nyingi mwenye unyayo bapa hulalia ndani zaidi, lakini si lazima. Soli nayo husomwa vibaya: kulika nyuma kwa nje ni jambo la kawaida, kwa sababu ndiko wengi wanakotua.

Ardhi pia hukulaza. Barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka kandoni ili maji ya mvua yatiririke. Nchini Kenya na Tanzania, ambako magari hupita kushoto, anayekimbia akiyatazama yuko ukingo wa kulia: mguu wake wa kushoto uko juu na hulalia ndani, wa kulia uko chini na hulalia nje. Akibaki upande huo kila siku, goti au nyonga itamwambia. Kwenye barabara ya moramu, kama zile za Iten, kokoto hubadilisha mlalio kila hatua, na soli nene laini huyumba zaidi kuliko nyembamba. Masika ikifika na moramu ikawa tope, tafuta soli yenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke. Kitambaa kisichopitisha maji kiache madukani, maana kwenye joto la pwani mguu huloa jasho kwanza, na maji yakishaingia kwa juu hayana pa kutokea.

Ukinunua mtumba, kwenye soko la Karume au Gikomba, kumbuka kwamba sponji imeshakandamizwa na mlalio wa mtu mwingine. Iweke raba juu ya meza iliyo sawa, uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande wowote, irudishe kwenye lundo hata kama soli ya chini ni mpya na bei ni ya kutupa.