Lango la Meiji: radi, mlima wa Taiwan na mti wa miaka 1,500

Novemba 2024 polisi wa Tokyo walimkamata mtalii kwa tuhuma za kukwaruza herufi kwenye nguzo ya lango la mbao katika hekalu la Kishinto la Meiji Jingu. Wengi waliliona jambo hilo kama utovu wa adabu wa mgeni tu. Lakini historia ya lango kubwa la hekalu hilo inaonyesha kwa nini kovu kwenye mbao kama hizo ni hasara isiyolipika.

Malango haya, yaitwayo torii, yamejengwa Japani kwa zaidi ya miaka 1,000. Umbo lake la kawaida ni nguzo mbili zinazoinamiana kidogo, boriti ya chini iliyopenya nguzo zote mbili na kukazwa kwa kabari, na juu yake boriti kubwa ambayo ncha zake hupinda kuelekea juu. Uimara wake hutegemea viungo vilivyochongwa vikaingiana barabara. Fundi akikosea kipimo, hakuna msumari wa kumwokoa.

Meiji Jingu lilifunguliwa mwaka 1920 kwa heshima ya Mfalme Meiji na mkewe. Mbao za lango lake kubwa zilitoka Taiwan, wakati huo koloni la Japani. Mabomu ya mwaka 1945 yaliteketeza majengo makuu ya hekalu, lakini lango likabaki limesimama. Mwaka 1966 likapigwa na radi na kuharibika.

Hapo ndipo kazi ya kujenga jipya ilipoanza. Mti wa kutoa nguzo yenye kipenyo cha mita 1.2 haukupatikana Japani. Mfanyabiashara mmoja wa mbao wa Tokyo akajitolea kuutafuta, na msako ukafika tena Taiwan, kwenye mlima Dandai wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Huko ulipatikana mti wa msanduku wenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Kazi hiyo ikiendelea, mwaka 1972, Japani ilivunja uhusiano wa kibalozi na Taiwan. Hata hivyo mbao zilifika, na Desemba 1975 lango jipya lenye kimo cha mita 12 likasimamishwa.

Lango la zamani nalo halikutupwa. Mwaka 1976 lilisimamishwa upya katika hekalu la Hikawa, Omiya, kaskazini mwa Tokyo, na bado watu wanapita chini yake. Huo ndio ustadi wa kujivunia: kilichojeruhiwa kinapewa kazi nyingine.

Tangu mwaka 1991 Taiwan imepiga marufuku ukataji wa misitu yake ya asili, na ilifanya vyema. Maana yake ni kwamba radi ikipiga tena leo, mlima ule hautatoa nguzo nyingine. Mamilioni ya wageni hupita langoni kila mwaka wakiwa na kamera mkononi. Waelezwe umri wa mti ule kabla hawajaingia, na anayeugusa kwa nia mbaya aadhibiwe bila kuonewa haya.