Mwalimu, maduka yetu yako wapi?

Najua nimepotea, testi zilitubana si mchezo. Leo sina umbea wa hosteli, nina habari ya picha.

Wakati wa fildi nilipangiwa shule moja kule kwetu Kyela, kidato cha pili, mada ikiwa biashara ya karne ya 19. Ninavyopenda picha za kale mnanijua, basi nikadurufu kadhaa za mitaa ya maduka ya Unguja. Nyingi nilizipata kwenye mkusanyiko wa Humphrey Winterton, Mwingereza aliyekusanya picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Sasa ziko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Jamani, picha hizi zina raha yake. Maduka ya Wahindi yana milango ya mbao ya kukunja, ikifunguliwa duka zima liko wazi, mwenye mali amekaa chini katikati ya bidhaa, wateja barazani. Kamera za zamani zilihitaji muda kunasa mwanga, kwa hiyo aliyetembea anaonekana kama moshi, aliyetulia ndiye mwenye sura. Na ujanja wa kujua umri: ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, picha ni ya kabla ya vita vya Agosti 1896. Baada ya hapo ulibomolewa.

Darasa likafurahi. Halafu binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na maduka ya hapa kwetu yako wapi?"

Nikakwama. Nikajibu jibu la kitabuni tu, kengele ikaniokoa.

Ukweli ni kwamba wapiga picha kama A. C. Gomes, Mgoa wa Unguja, walifungua studio palipokuwa na wanunuzi: mabaharia, maofisa, matajiri. Huku ziwani biashara ilikuwepo, ila haikuwa na mtaa wa maduka. Kampuni ya African Lakes, iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1878, ilikuwa na kituo Karonga, ng'ambo ya Songwe, ikinunua pembe za ndovu. Watu waliiita Mandala, kwa sababu ya miwani ya John Moir iliyong'aa! Upande wetu daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alipiga picha nyingi mwishoni mwa miaka ya 1890, lakini yeye alitafuta nyumba za asili na maumbile ya watu. Mchuuzi hakuwa "wa asili" vya kutosha, nadhani.

Jioni nikamsimulia bibi. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, si ungeniuliza mimi?" Akatoa sandukuni fremu ya duka la marehemu babu pale Mwaya, miaka ya 1950. Sio karne ya 19, lakini ni duka, na ni letu. Tatizo, mafuriko yaliwahi kuingia ndani, picha ikagandana na kioo. Nusu ya uso wa babu imeondoka na ukungu.

Nilitaka kuibandua. Bahati nzuri nikauliza kwanza. Picha ikishagandana na kioo usiivute, rangi yote itabaki kwenye kioo. Nikaipiga picha humohumo, dirishani, kwa pembeni ili kioo kisimulike. Nilipoikuza nikaona cherehani barazani, na mguu wa fundi, mmoja tu, umetulia kwenye pedali. Bibi akamtaja jina papo hapo. Wajukuu zake bado wako Ipinda.

Wenzangu wa Matema, Itungi, Ipyana, mkienda likizo angalieni ukutani kwa wazee, mkinase kilichopo kabla ya masika. Andikeni na majina. Yule binti nimeahidi kumpelekea za kutosha darasa zima, mpaka sasa ninayo moja.

Nawahi foleni ya kafeteria, leo kuna wali.