Mwani waweza kusafisha maji machafu ya mazizi
MAJI machafu ya mazizi hubeba naitrojeni na fosforasi. Yakiingia mtoni, kama Ruaha Mdogo unaopita Kalenga, mkoani Iringa, huweza kustawisha mwani ambao ukioza humaliza hewa ya oksijeni, na samaki hufa.

Mwani huohuo, mdogo usioonekana kwa macho, waweza kuyasafisha kabla hayajafika mtoni. William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, aliendeleza mabwawa ya namna hiyo kwa majitaka tangu miaka ya 1950.

Maji ya samadi huchujwa, huzimuliwa na kuzungushwa katika bwawa lenye kina cha sentimeta 30 hivi ili mwanga upenye. Mwani hufyonza virutubisho na kutoa oksijeni inayosaidia bakteria kuozesha uchafu.

Ukivunwa huwa mbolea, na maji humwagilia mashamba. Hata hivyo, hayafai kunywewa, kwani vijidudu vya maradhi huweza kubaki.