NYUMBA YA MAWE YA LAMU: HISTORIA INAYOSHIKWA KWA MIKONO



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mtoto anaweza kukariri miaka ya vita na majina ya watawala, akafaulu mtihani, na bado asijue babu zake waliishi vipi. Historia ya namna hiyo hukaa ulimini tu, na baada ya mtihani huondoka. Leo tuingie katika nyumba moja ambayo inaweza kumfundisha mtoto kwa mikono yake: Nyumba ya Waswahili iliyopo Lamu, nchini Kenya, ambayo imehifadhiwa kama makumbusho katikati ya mji wa kale. Mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Somo la kwanza lipo mlangoni. Kabla ya kuingia ndani mtu hufika kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wenye baraza za mawe pande mbili. Hapo ndipo wageni wa kiume walipopokelewa na mazungumzo ya biashara yakafanyika. Kutoka daka unapita tekani, na njia inapinda, ili aliyesimama nje asiweze kuona ndani. Baada ya hapo ndipo unafika kiwandani, ambao ni uwanja wa wazi wa kuingiza hewa na mwanga. Waambieni watoto wasimame dakani wapige hodi mara tatu, na wasipojibiwa warudi. Adabu hiyo imo katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na amri ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu imo katika Suratun-Nur. Mtoto atagundua kwamba fundi wa Lamu hakuchora ukuta tu, bali aliijenga aya ile kwa mawe na chokaa.

Somo la pili ni la hesabu. Mpeni mtoto kamba apime upana wa vyumba. Ataona kuwa vyumba vyote ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu. Kwa nini? Aangalie juu. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, na nyumba nyingi za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba. Kwa kamba moja mtoto amejifunza ujenzi, biashara na safari za pepo za kaskazi na kusi.

Kuta zenyewe ni matumbawe yaliyotolewa baharini, na chokaa yake ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Ndani kabisa kuna zidaka, yaani vishubaka vingi vilivyonakshiwa kwa chokaa, ambamo waliweka sahani za China na vitu vya thamani. Chooni kuna birika la maji ambalo ndani yake walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walizika bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wasife. Wanafunzi wa sayansi, zingatieni hilo! Wazee wetu walipambana na mbu bila dawa yoyote ya kununua.

Somo la tatu ni la jikoni, na hapa mikono hasa ndiyo hufanya kazi. Mtoto akalishwe juu ya mbuzi akune nazi, achuje tui kwa kifumbu, atwange kwa kinu na mchi, kisha apepete kwa ungo. Baada ya nazi moja tu mkono utauma. Mwambieni akune ya pili. Akishachoka ndipo litakapokuja swali ambalo haliji kwa kutazama vyombo nyuma ya kioo: "Nani alikuwa akifanya kazi hii kila siku?"

Wazazi wenzangu, hapa ndipo wengi wetu hukwepa. Tunapenda kuwaonyesha watoto kiti cha enzi kilichotiwa nakshi, tukanyamaza kuhusu waliokipangusa vumbi. Ukweli ni kwamba nyumba kubwa za mawe zilikuwa za matajiri, na kazi nyingi za nyumba hizo na za mashamba ya bara zilifanywa na watumwa. Waliokata boriti, waliobeba mawe na waliotwanga, wengi wao hawakuwa huru. Katika pwani hii ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja. Si zamani sana hivyo.

Je, tumfiche mtoto? Kwa maoni yangu, hapana. Tukimficha sisi, ataambiwa na mwingine, na huenda akaambiwa kwa nia ya kumtoa katika dini yake. Bora alisikie kwetu, pamoja na mizani ya kupimia. Suratul-Balad imetaja kumwacha huru mtumwa kuwa ni kupanda ile njia ngumu ya mlimani. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, wale tunachokula na wavae tunachovaa, wala wasibebeshwe wasiyoyaweza. Mtoto aliyechoka kwa nazi mbili ataielewa hadithi hiyo kuliko aliyeisikia tu darasani. Kisha ataweza kuuliza mwenyewe: wazee wetu waliitimiza amri hiyo, au waliipungukia? Kulikubali kosa la wazee si kuwavunjia heshima. Dini ndiyo kipimo cha wazee. Wazee si kipimo cha dini.

Na Lamu yenyewe ina jibu zuri la kumpa mtoto. Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, aliwafungulia mlango wa elimu watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, wakiwemo waliotoka utumwani na kizazi chao. Msikiti wa Riyadha unaohusishwa naye umekuwa chuo kikubwa cha dini, na maulidi yake yanakusanya watu kutoka nchi nyingi za Afrika Mashariki. Basi ziara isiishie kwenye nyumba ya tajiri. Watoto watoke pale watembee hadi Riyadha, wauone mji kwa pande zake mbili.

Somo la mwisho ni kalamu. Wapeni watoto kalamu ya mwanzi na wino, waandike majina yao ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyoandikwa lugha yetu kwa karne nyingi. Waambieni wasichana kuhusu Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Mama wa Kiislamu wa pwani alikuwa mwandishi kabla ya shule za wakoloni kufika.

Sasa ndugu zangu wa Bujumbura, Kigali, Kampala na Bukavu mtasema Lamu ni mbali na nauli ni ghali. Ni kweli. Lakini mbuzi na kinu vingi bado vimo majumbani mwetu, na bibi zetu wangali wanajua matumizi yake. Siku moja ya likizo madrasa inaweza kukusanya vyombo hivyo, ikamwita bibi mmoja awe mwalimu, na kila mtoto akashika, akafanya, akauliza. Wahini bibi hao wangali hai. Chombo hubaki, lakini anayejua habari zake akifukiwa, kimebaki kuwa mti tu.

Tunamuomba Allah atujaalie watoto wanaowajua wazee wao kwa mema na kwa makosa, wakafuata mema na wakajiepusha na makosa. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.