Kutoka Kusimamishwa hadi Kusimama: Historia Fupi ya Usalama wa Nyuzi katika Kompaila za Papo kwa Papo

Makala hii inachunguza jinsi mifumo ya kompyuta ilivyojifunza kusitisha nyuzi za programu bila madhara. Hoja yake ni kwamba historia hiyo inaeleweka vyema kwa vitenzi viwili vya Kiswahili: kusimamishwa na kusimama.

Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo. Programu moja huweza kuwa na nyuzi nyingi zinazotumia kumbukumbu ileile. Kompaila ya papo kwa papo huzalisha msimbo wa mashine wakati programu inaendelea kufanya kazi, na huweza kuubatilisha baadaye. Ikiufuta ilhali uzi fulani ungali ndani yake, uzi huo hukosa pa kurejea. Kwa hiyo nyuzi hazina budi kusimama kwanza. Swali ni: zisimame wapi?

Mwaka 1992, Urs Hölzle, Craig Chambers na David Ungar, waliofanyia kazi lugha ya Self, walieleza namna ya kurudisha msimbo ulioboreshwa katika hali yake ya awali. Walionyesha kuwa si lazima jambo hilo liwezekane katika kila agizo. Yatosha liwezekane katika sehemu maalumu, yaani mwanzo wa kila mbinu na mwisho wa kila kitanzi, ambapo kompaila inajua kila thamani imehifadhiwa wapi.

Lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1996, iliwapa watunzi wa programu uwezo wa kusimamisha uzi kutoka nje. Uzi uliosimamishwa ukiwa umeshika kufuli uliendelea kulishika, na nyuzi zilizolihitaji zikakwama. Toleo la 1.2 la mwaka 1998 liliwashauri watunzi waache kutumia agizo hilo.

HotSpot, mashine pepe ya Java iliyotolewa mwaka 1999 na yenye nasaba katika utafiti wa Self, ilishika njia ya vituo salama. Katika utaratibu wake uliozoeleka kwa miaka mingi, msimbo uliokompailiwa ulisoma ukurasa maalumu wa kumbukumbu kila ulipofika kituoni. Mashine ilipotaka nyuzi zisimame, iliufunga ukurasa huo. Usomaji uliofuata ulikatizwa, na uzi ulisimama mahali panapojulikana.

Njia hiyo ilikuwa na gharama yake: uzi mmoja uliochelewa kufika kituoni uliziweka nyingine zote zikingoja. Java 10 ya mwaka 2018 iliwezesha uzi mmoja kusimama peke yake, nyingine zikiendelea.

Kwa mwanaisimu, funzo hapa ni la istilahi. Kuziita mbinu zote hizi "kusimamisha" ni kuficha badiliko lenyewe. Katika mbinu ya kwanza, uzi ni mtendwa. Katika ya pili, hupokea ombi na kulitekeleza ukiwa tayari. Kamusi ya kompyuta isiyotenganisha dhana hizi mbili itamfundisha mwanafunzi kosa ambalo Java ilikwisha kushauri liachwe mwaka 1998.